Mama wa Mlimani Hahitaji Tisheti Yetu

Mwaka jana mwezi wa Novemba tulikodi basi dogo, tukajipakia watu 28 na spika moja, tukakata kona pale Sangasanga kwenda Mgeta kuhamasisha chanjo za watoto. Kila mmoja alivaa tisheti nyeupe yenye maandishi ya kijani mgongoni. Bango letu lilikuwa na urefu wa mita tatu. Nasema "letu" lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyelibuni, na maneno yake niliyatunga mimi. Kwa hiyo ninayoandika hapa simsemi mtu. Najisema mwenyewe kwanza.

Basi lilitufikisha mwisho wa barabara, juu kidogo ya Nyandira. Kutoka hapo tulipanda kwa miguu kama saa moja na nusu, wengine wakilalamika magoti, wengine wakipiga selfi na mashamba ya kabichi na njegere yaliyobandikwa kwenye mteremko. Kitongojini tulipokelewa vizuri sana. Mwenyekiti alikusanya watu, viti vikaletwa, sisi wageni tukakalia viti na wenyeji wakakaa kwenye nyasi. Tukahutubia. Tukataja magonjwa yote: surua, kifaduro, dondakoo, pepopunda, polio, kichomi, kuhara. Tukaimba, tukagawa vipeperushi, tukapiga picha ya pamoja.

Wakati tunakunja bango akanifuata dada mmoja, umri wangu au chini kidogo. Mgongoni alikuwa na mtoto aliyelala, mkononi kadi ya kliniki aliyoifunga kwenye kitambaa.

"Kaka, samahani. Hayo mliyosema tunayajua. Chanjo yenyewe mmekuja nayo?"

Nikamwambia hapana, sisi tumekuja kutoa elimu tu. Hakucheka wala hakukasirika. Akafungua kitambaa akanionyesha kadi. Kuanzia BCG ya siku za mwanzo hadi surua ya miezi tisa, visanduku vyote vilikuwa vimejazwa tarehe. Kimoja tu kilikuwa kitupu: surua-rubella ya pili, ile ya miezi 18. Mtoto alikuwa na miezi 20.

"Nimeshuka mara mbili," akasema. "Mara zote naambiwa watoto hawajatimia, nirudi."

Watoto hawajatimia. Siku ile sikuelewa maana yake, na aibu ni kwamba mimi ni mtu ninayesoma mambo ya mifumo ya afya. Nilipanda kwenye basi na sentensi ile kichwani. Wenzangu walikuwa wanaimba. Picha zilishafika kwenye grupu la WhatsApp kabla hatujafika Mlali, na mtu akaandika, "Jamii imeelimika!"

Hoja yangu kwenye makala hii ni moja. Tatizo kubwa la chanjo huko juu Uluguru si akina mama kutojua. Ni njia, ni siku, na ni kichupa. Sisi wanafunzi tukipanda mlima kufundisha kitu ambacho watu tayari wanakijua, tunawapotezea muda, na tunaacha bila kuguswa kile ambacho kweli kinamzuia mtoto asichanjwe.

Niwaeleze habari ya kichupa, maana najua si mimi peke yangu niliyekuwa sijui.

Chanjo ya surua-rubella, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwaka 2014, huja ikiwa ya unga, na kichupa kinachotumika sana ni cha dozi 10. Muuguzi huuchanganya unga na maji yake maalumu kabla ya kuchoma. Ukishachanganya, saa inaanza kuhesabu: dozi zote zitumike ndani ya saa 6 au kabla kliniki ya siku hiyo haijafungwa, kinachobaki kinamwagwa. Huwezi kukirudisha kwenye jokofu ukasubiri kesho. Pale mjini Morogoro hilo halisumbui mtu. Kliniki yenye foleni hupata watoto 10 wa surua kabla ya saa nne asubuhi. Huko juu, zahanati moja inahudumia vitongoji vilivyotawanyika kwenye mabonde matatu. Siku hiyo anakuja mtoto mmoja, labda wawili. Muuguzi anatazama kichupa, anatazama idadi, anakumbuka kwamba mwisho wa mwezi atajaza fomu ya chanjo zilizotumika na zilizopotea. Anamwambia mama, "Watoto hawajatimia, rudi siku fulani."

Huyo muuguzi simlaumu sana. Yupo peke yake, anazalisha, anatibu malaria, anapima uzito, anaandika vitabu vyote vya kituo. Anaogopa kuulizwa kwa nini amemwaga dozi nane. Lakini ushauri wa Shirika la Afya Duniani kuhusu jambo hili uko wazi: kichupa cha surua kifunguliwe hata kama aliyekuja ni mtoto mmoja, kwa sababu dozi zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto aliyerudishwa nyumbani bila kinga. Mama aliyerudishwa mara mbili, mara ya tatu hashuki. Na akiacha kushuka, sisi huku chini tunasema "mwamko ni mdogo".

Sasa chukua njia. Ukifuata ratiba yetu ya taifa, mtoto anatakiwa afike kituoni akizaliwa, kisha wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Hizo ni safari sita kwa uchache, hujaweka siku za kupima uzito. Yule dada aliniambia kushuka ni saa mbili, kupanda na mtoto ni karibu tatu. Zidisha mwenyewe: masaa 30 ya kutembea mlimani kwa mtoto mmoja. Yeye alikuwa ameshaongeza mengine 10 kwa zile safari mbili za kurudishwa. Mwanachuo gani kati yetu angetembea masaa 40 kwa ajili ya kitu chochote? Sisi wenyewe daladala ikichelewa dakika 20 tunaahirisha kwenda mjini.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule tuliozoea kuuita MMAM, ulianza mwaka 2007 ukiwa na lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Tumezoea pia kipimo cha kilomita 5, kwamba mwananchi asiishi mbali zaidi ya hapo kutoka kwenye huduma. Ni lengo zuri. Ila kilomita 5 za Dakawa, kwenye tambarare, na kilomita 5 za Uluguru ni vitu viwili. Kwenye ramani yule dada yuko ndani ya kilomita 5, kwa hiyo ripoti itasema amefikiwa.

Halafu kuna jambo la hiyo miezi 18 ambalo hakuna mhadhara ulionifundisha. Mtoto wa wiki sita unamfunga mgongoni unashuka. Mtoto wa mwaka na nusu ana kilo kama 10. Ni mzito kubebwa saa tano, na ni mdogo kutembea mwenyewe. Mara nyingi kwa wakati huo mama ana ujauzito mwingine. Na tangu sindano ya miezi tisa imepita miezi mingine tisa bila kuitwa kituoni kwa chanjo yoyote. Katikati kumepita kulima, kupalilia na kuvuna. Ndiyo maana kisanduku kinachobaki kitupu kwenye kadi nyingi ni hicho cha mwisho.

Kuna atakayesema, si amepata ya kwanza, inatosha. Haitoshi. Sindano ya surua ikitolewa miezi tisa huwakinga watoto kama 85 kwa kila 100. Wale 15 wanabaki wazi bila mtu kujua ni akina nani, kwa sababu kadi zao zimejazwa sawa na za wengine. Sindano ya pili ni ya kuwakamata hao. Na surua haina mzaha. Mgonjwa mmoja, kwenye jamii isiyo na kinga, huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ili kuizuia isisambae inatakiwa watu 95 kwa kila 100 wawe na kinga. Kitongoji chenye watoto 40 kikiwa na watoto sita wasio na kinga, kimeshavuka mstari. Na kutoka kitongoji kile, mtoto mwenye kichomi kilichosababishwa na surua atabebwa na nani, kwa saa ngapi, usiku, mvua ya masika ikinyesha?

Nchi imefanya kazi kubwa, hilo lazima lisemwe. Mpango wa Taifa wa Chanjo upo tangu mwaka 1975. Utafiti wa taifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 67 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Chanjo zina sehemu yake kwenye kushuka huko. Lakini wastani wa taifa ni kama wastani wa darasa: unaweza kupanda vizuri huku aliyekaa nyuma kabisa akiendelea kufeli. Wanaobaki sasa si wale walio karibu na barabara. Ni wale wa kitongoji cha mwisho, na hao hawafikiwi kwa spika.

Najua Mluguru mmoja akisoma hapa atatabasamu, kwa sababu mlima huu umeshapandwa sana na watu wenye majibu tayari. Wazee bado wanazungumzia habari za matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wataalamu walikuwa wameona mmomonyoko wa udongo, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Wakaamua wananchi wachimbe matuta ya ngazi, kwa amri. Sehemu nyingi udongo wa juu ni mwembamba, hivyo kuchimba tuta kulifukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakadhoofu. Watu walisema. Waliambiwa ni wavivu na hawaelewi. Mwaka 1955 zikatokea ghasia Matombo, na mpango ukaachwa. Lakini upande wa Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza na maji ya kumwagilia yalikuwepo, matuta yalidumu, kwa sababu huko yaliwalipa wenye shamba.

Sisemi chanjo ni sawa na matuta ya mkoloni. Chanjo inafanya kazi, na akina mama wa Uluguru wanaitaka: ile kadi iliyojaa tarehe ni ushahidi. Nasema tabia yetu inafanana. Mtaalamu anaona tatizo la kweli, halafu anaamua kwamba kinachokosekana ni akili ya mwenyeji. Hamuulizi anazuiwa na nini.

Mfano wa kinyume nao upo, na uko palepale Mgeta. Miaka ya 1980 watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipeleka mbuzi wa maziwa wa Kinorwe huko juu. Hawakupeleka bango la "Maziwa ni Afya". Walipeleka mbuzi, kwenye mahali penye baridi panapowafaa, na wakaendelea kurudi mwaka baada ya mwaka. Ukipita leo utakuta mbuzi wa maziwa kwenye mabanda ya watu. Chuo kikipanda mlima na kitu mkononi, kikarudi tena na tena, kinaacha alama.

Rafiki yangu mmoja aliposoma rasimu ya makala hii alinibana: "Kwa hiyo unasema hakuna upotoshaji? Hujasikia watu wanavyosema sindano za wasichana zinafunga kizazi?"

Nimesikia. Aprili 2024, nchi ilipohamia kwenye dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, nilisikia maneno hayo zaidi ya mara moja. Ila nikueleze nilisikia wapi. Ilikuwa hosteli, na tena kwenye grupu la darasa letu, kutoka kwa mtu wa mwaka wa pili aliyeforwadi sauti ya mtu asiyejulikana. Huko mlimani mtandao wenyewe unapatikana ukisimama juu ya jiwe fulani. Kama tunataka kupambana na uvumi kuhusu chanjo, tuanzie block zetu.

Na pale ambapo wasiwasi upo kweli kijijini, mara nyingi una chanzo kinachoeleweka. Mtoto anachomwa sindano ya wiki sita, usiku anapata homa, paja linavimba kidogo. Homa ya siku moja au mbili baada ya chanjo ile ni jambo la kawaida. Lakini kama aliyekuchoma ameondoka na hakuna wa kumuuliza, unabaki na bibi na mashaka yake. Jibu hapo ni mtu wa palepale, anayejulikana, anayepita kesho yake kuuliza mtoto ameamkaje. Huyo mtu yupo: mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango mpya wa kuwaandaa na kuwatumia wahudumu hawa nchi nzima. Sisi na tisheti zetu hatuwezi kuifanya kazi yake, lakini tunaweza kumsaidia aifanye.

Tufanye nini basi? Nimepiga hesabu ya safari yetu ya Novemba, maana mweka hazina alinipa risiti. Tisheti 28 kwa shilingi 12,000 kila moja ni 336,000. Basi 300,000. Bango 65,000. Spika ya kukodi 40,000. Vipeperushi 45,000. Maji na chakula 140,000. Jumla shilingi 926,000, nyingine zikiwa zimetoka kwenye bumu zetu. Kisha nikamuuliza bodaboda wa kule: kumpeleka muuguzi na kibebeo cha chanjo hadi pikipiki inapoweza kufika, kumsubiri hadi amalize na kumrudisha, ni shilingi ngapi? Akasema 25,000. Gawanya. Ni safari 37. Mara moja kwa mwezi, ni miaka mitatu na mwezi mmoja juu.

Hiyo ndiyo inaitwa huduma ya mkoba. Muuguzi anatoka kituoni, anazifuata chanjo zilikotakiwa ziende: shule ya msingi iliyo katikati ya vitongoji, au chini ya mwembe wa mwenyekiti. Haihitaji teknolojia. Inahitaji nauli, barafu kwenye kibebeo, siku inayojulikana, na watoto wa kutosha kufungua kichupa bila roho kusita.

Januari tulijaribu. Hatukwenda watu 28, tulikwenda watatu. Kwanza tulimtafuta kwa simu mhudumu wa afya wa jamii wa eneo lile, mama mmoja mwenye daftari lililochakaa na kumbukumbu kali kuliko kompyuta yangu. Tukaomba ridhaa ya mganga mfawidhi, ambaye alitoa taarifa wilayani. Kwa wiki mbili kazi yetu ilikuwa moja: kupiga simu na kupanga orodha. Mhudumu na wenyeviti wa vitongoji vitatu walitaja majina ya watoto ambao kadi zao zina nafasi, sisi tukayaandika, tukapanga nani anadaiwa nini. Wakapatikana watoto 14 wa surua-rubella, wa sindano ya kwanza na ya pili. Siku ikachaguliwa na wenyewe, isigongane na siku ya soko. Sisi tungechagua Jumamosi, kwa sababu hatuna vipindi. Wangekuja wachache.

Mhudumu alitufundisha kitu kingine. Alitukataza kupigia akina mama peke yao. "Piga kwa bibi zao," alisema. "Na huyu hapa mwambie mjomba wake." Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mengi ya nyumbani yanapita kwa bibi na mjomba. Kipeperushi chetu cha Novemba kilikuwa na picha ya baba, mama na watoto wawili, chini kimeandikwa "Wazazi, tuwajibike". Kilikuwa kimekosea hata kujua kinaongea na nani.

Siku ilipofika walikuja watoto 11. Karibu nusu yao walikuwa wamebebwa na bibi zao. Muuguzi alifungua kichupa cha kwanza mapema, bila wasiwasi, akawachoma 10. Alipofika mtoto wa 11 tukanyamaza wote. Akatutazama, akacheka, akachukua kichupa cha pili. "Huyu naye ana haki yake," akasema. Kile kichupa cha pili hatukukipata kwa hotuba. Ukishachanja 10 asubuhi moja, kumwaga dozi tisa unaweza kukueleza kwenye fomu bila kutetemeka.

Kuna mtu atasema kazi hiyo ni ya serikali, kwa nini wanafunzi tulipie nauli ya muuguzi. Nakubali kabisa. Shilingi 25,000 zetu za Januari zilikuwa za kujaribu, si za kuendesha huduma, na nisingependa klabu yoyote igeuke kuwa mfadhili mdogo wa zahanati. Lakini hapa ndipo masomo yetu yanapoingia. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, kuna fedha za afya zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake, inayopanga na kuidhinisha matumizi. Nauli ya huduma ya mkoba inaweza kuandikwa kwenye mpango wa kituo kama kitu cha kawaida, kama ilivyo sabuni na mafuta. Inahitaji mtu akae na kamati, apige hesabu ya vitongoji na watoto, aandike mstari huo na sababu zake kabla ya muda wa mipango kupita. Chuo kizima tumejaa watu wanaosoma mipango, uhasibu, sheria na utawala. Tunaandika mipango ya kufikirika kwa ajili ya alama. Hapo saa mbili kutoka hosteli kuna kamati inayohitaji mpango wa kweli wa kurasa mbili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa klabu zetu na kwa jumuiya, hasa sasa tunapoelekea kuchagua viongozi.

Kwanza, hakuna kupanda mlima bila orodha. Kabla ya safari yoyote ya afya ya mtoto, tuulize mhudumu wa jamii na zahanati: ni watoto wangapi, vitongoji vipi, wanadaiwa chanjo gani, na nini kimewazuia? Kama jibu si "hawajui", basi elimu si dawa yake.

Pili, tuchague mahali pamoja na turudi. Tumezoea kila mwaka kijiji kipya ili picha ziwe mpya. Afadhali kata moja kwa miaka mitatu, viongozi wanaomaliza wakikabidhi daftari kwa wanaoingia kama wanavyokabidhi muhuri. Juni na Desemba ni miezi ya afya na lishe ya mtoto, watoto wanapopewa vitamini A na dawa za minyoo. Hizo ni tarehe mbili tayari za kujipanga nazo, na mtoto anayeletwa kwa matone ya vitamini ndiye huyohuyo wa kuangaliwa kadi yake.

Tatu, pesa ya tisheti ijadiliwe mbele ya wanachama. Sisemi zifutwe zote. Nasema kila tuliponunua mbili, tulinunua nauli ya mtoto mzima mmoja na sanduku la chanjo, tukaivaa.

Namalizia na yule dada, maana najua mtauliza. Jina la mtoto wake lilikuwa kwenye orodha yetu, namba tatu. Siku ile ya Januari hakuja. Mhudumu alituambia amekwenda kwa mama yake, upande wa pili wa mlima, kujifungua, na mtoto amekwenda naye. Tulimpigia mhudumu wa huko, akaandika jina. Hadi natuma makala hii bado sijapata jibu kama mtoto amechanjwa. Anakaribia miaka miwili sasa. Ujumbe wetu aliupata Novemba, wote, kwa spika. Kile alichokuja kuuliza bado tunamdai sisi.

Mwenye nafasi Alhamisi jioni baada ya vipindi, tunakutana chini ya mti ulio nyuma ya maktaba kupiga simu za orodha ya mwezi ujao. Njoo na daftari na vocha. Tisheti iache chumbani.